Jiwe la Foleni

(Mazungumzo yaliyotolewa katika bwalo la shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Yamechapwa kama yalivyosemwa, ila salamu za mwanzo zimepunguzwa. – Mhariri)

Ndugu zangu tuliosoma hapa, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na dirisha la jikoni:

Katibu wa chama chetu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya "Maendeleo ya Simu Duniani". Nilikubali upesi, kama ilivyo desturi ya sisi watumishi wa serikali tunapoombwa kusema. Baadaye nikaona kwamba juu ya maendeleo ya simu sijui zaidi ya yale anayoyajua kijana yeyote wa kidato cha pili, na huenda yeye akanizidi. Walakini liko jambo moja la simu ninalolijua kwa miguu yangu mwenyewe, nalo ni foleni. Nimewahi kulala nje, kando ya barabara ya London, usiku kucha, nikingoja simu mpya itoke. Jambo hili sijapata kulisimulia hadharani. Mke wangu mwenyewe amelijua mwaka jana tu. Naomba mnivumilie.

Lakini kwanza nianze nyumbani. Wakubwa waliomo humu wanakumbuka hali ilivyokuwa baada ya Vita vya Kagera kwisha mwaka 1979. Nchi ilikuwa imetumia fedha nyingi za kigeni, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na bidhaa zikaadimika: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, khanga. Mwaka 1983 ikaja ile kampeni ya kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Mwaka 1984 serikali ikaanza kuwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na pole pole maduka yakapata vitu tena. Mimi mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka minne. Sikumbuki kampeni wala walanguzi. Nakumbuka jiwe.

Mama yangu alikuwa muuguzi. Hakuweza kusimama mbele ya duka la ushirika kutwa nzima, maana wagonjwa walikuwa wakimngoja. Basi alfajiri alikwenda na jiwe, akaliweka katika mstari nyuma ya mawe ya wenzake, akalifunga kitambaa chekundu ili asije mtu akadai ni lake, kisha akaenda kazini. Mstari mzima ulikuwa wa mawe, matofali, vikapu vibovu na makopo, na kila kimoja kilikuwa mtu. Siku nyingine aliniacha mimi na dada yangu tulilinde. Nilikuwa nikilikalia.

Jiwe lile lilikuwa na haki zake. Halikusogezwa ovyo, wala mwenye jiwe la nyuma hakuthubutu kuliruka. Lakini haki hiyo ilikuwa na mpaka: mlango wa duka ukifunguliwa na mwenye jiwe hajafika, jiwe lilikufa. Mtu alilipiga teke kando na mstari ukasonga mbele. Mara mbili hivi Mama alichelewa wodini, na tulirudi nyumbani bila sukari, mimi nikilia kwa sababu jiwe letu limepigwa teke.

Sasa twende Marekani. Tarehe 9 Januari, 2007, mjini San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliwaonyesha watu simu isiyo na vitufe vya namba, ya kupangusa kwa kidole. Iliingia madukani tarehe 29 Juni mwaka huo huo, saa 12 jioni. Ndogo iliuzwa dola 499, na yenye nafasi zaidi dola 599, na mnunuzi alifungwa kwa mkataba wa miaka miwili na kampuni moja ya simu. Pamoja na gharama hiyo, watu walikwisha kujipanga mbele ya duka la Fifth Avenue mjini New York siku kadhaa kabla, wakiwa na viti vya kukunja na miavuli. Hawakuwa na njaa, wala hawakuwa watu wasio na simu.

Katika mji wa Philadelphia alijipanga meya mwenyewe, John Street. Alifika saa tisa na nusu alfajiri, akakaa kitini kama raia wengine. Nadhani alifikiri watu watampenda kwa unyenyekevu wake. Badala yake mpita njia mmoja, kijana tu, alimwuliza hadharani anawezaje kukaa pale ilhali watu wanauawa ovyo mjini mwake. Baadaye Meya aliondoka kwenda kwenye shughuli zake, na msaidizi akabaki kumshikia nafasi. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana Mama asingemwita yule msaidizi kwa jina jingine. Angemwita jiwe.

Tena tarehe 5 Septemba, siku 68 tu baada ya foleni ile, bei ya simu ya dola 599 ilishushwa hadi dola 399. Waliolala nje walilalamika sana. Jobs akaandika barua ya kuwataka radhi na kuwaahidi hati ya dola 100 ya kununulia vitu katika duka lile lile. Vijana wanaosoma biashara walitafakari hilo: anayengoja miezi miwili huokoa dola 200, na anayewahi huuziwa uwahi wake.

Mwaka uliofuata, tarehe 11 Julai, 2008, ilitoka ya pili, mitambo ikaelemewa, na watu wengi waliokesha wakatoka dukani na simu isiyoweza kupiga. Mwaka 2011, siku chache tu baada ya kifo cha Jobs, Steve Wozniak aliyeianzisha kampuni pamoja naye alijipanga mbele ya duka la Los Gatos, California, akawa wa kwanza kabisa. Huyu bila shaka angeweza kuletewa simu nyumbani kwake. Alikwenda kwa sababu alipenda kuwa pale. Sina neno naye. Hata sisi hapa shuleni tulikuwa na wenzetu waliokwenda bwaloni mapema hata siku ya maharage yenye wadudu, kwa kupenda mazungumzo ya foleni tu.

Lakini mjini Beijing, tarehe 13 Januari, 2012, hayakuwa mazungumzo. Usiku wa baridi kali umati ulijaa mbele ya duka la mtaa wa Sanlitun. Wengi wao walikuwa vibarua waliokodiwa na walanguzi kwa malipo ya siku ili wanunue simu nao wakaziuze kwa bei ya juu. Wenye duka walipouona umati walihofia usalama, mlango haukufunguliwa, na duka likarushiwa mayai. Kampuni ikasimamisha kuuza simu ile katika maduka yake ya Beijing na Shanghai kwa muda.

Ndugu zangu, neno hilo "vibarua waliokodiwa" ndilo linalonileta London.

Mwaka 2014 nilikuwa huko nikisoma shahada ya pili, nikiwa nimepewa ruhusa kazini. Mwezi Septemba simu mpya ilikuwa itoke siku ya Ijumaa tarehe 19 katika nchi kama kumi hivi: Marekani, Uingereza, Japani, Australia na nyinginezo. China haikuwamo. Kibali cha serikali yao kilikuwa hakijatoka, na huko simu ilikuja kuuzwa tarehe 17 Oktoba. Basi kwa karibu mwezi mzima simu moja ilikuwa na bei mbili: ya dukani London, na ile ambayo tajiri wa Beijing au Shanghai alikuwa tayari kutoa ili awe wa kwanza. Penye pengo kama hilo mlanguzi hakosekani, na mlanguzi huhitaji watu, kwa kuwa duka lilimwuzia kila mteja simu mbili tu.

Bwana mmoja aliyekuja kututafuta karibu na bweni la wanafunzi alitoa masharti yake kwa dakika mbili. Usiku mmoja, paundi 70. Asubuhi utapewa fedha taslimu, utanunua simu mbili, utamkabidhi pamoja na risiti. Posho yangu ilikuwa imechelewa, na kodi ya chumba ilikuwa haijachelewa. Viza yangu ya mwanafunzi iliruhusu saa 20 za kazi kwa juma muhula ukiwa unaendelea, lakini haikuruhusu shughuli za kujitegemea. Kulala foleni kwa niaba ya mtu kulikuwa kazi ya aina gani? Sikuuliza, kwa sababu nilijua ningejibiwa. Mimi, ofisa wa serikali, ambaye nyumbani nilikuwa nikiwahimiza wananchi wafuate utaratibu.

Nilifika Regent Street Alhamisi saa tatu usiku. Mstari ulikuwa umezunguka kona mbili, nami nilihesabiwa kuwa wa 412. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Kichina, umri wake kama wa Mama, amejifunga mitandio miwili. Kiingereza hakujua, na Kichina mimi sikujua. Alinipa yai la kuchemsha, nikampa nusu ya mkate wangu. Sikuhitaji kumwuliza kama simu ilikuwa yake. Nyuma yangu walikuwa vijana watatu waliokuja kwa fedha zao na kwa furaha yao, wakibishana juu ya kamera na ukubwa wa kioo. Ilikuwa pia siku ya kura ya Scotland, ya kuamua kama wajitenge na Uingereza au wabaki. Usiku kucha vijana wale walisoma matokeo kwa sauti, wilaya baada ya wilaya, kutoka katika simu walizokuwa wakingoja kuzitupa. Kulipokucha ilikuwa imejulikana kwamba Scotland imebaki, kwa asilimia 55. Mmoja alikasirika, mwingine akafurahi, wakagawana kahawa. Simu yangu mimi ilikuwa ya vitufe, yenye tochi. Sikuitoa mfukoni.

Mambo mengine ya usiku ule nayapita: baridi, haja ndogo, polisi waliopita wakitabasamu. Niwasimulie tu habari iliyotufikia alfajiri kutoka Australia, ambako siku ilitangulia kuanza. Mjini Perth kijana aliyekuwa mnunuzi wa kwanza alihojiwa na televisheni moja kwa moja, akafungua boksi mbele ya kamera, na simu ikamponyoka ikaanguka chini. Mstari mzima wa London ulicheka. Hata mama yule wa Kichina alipoonyeshwa picha alicheka hadi akafuta machozi. Simu, nasikia, haikuvunjika.

Kiasi cha saa moja asubuhi bwana wetu alipita kando ya mstari kama mtu anayetafuta nduguye, akanipa bahasha. Ndani yake zilikuwemo noti 55 za paundi 20. Hizo ni paundi 1,100, na simu moja ilikuwa paundi 539. Zilizidi posho yangu ya mwezi. Hakuwa na jina langu la kweli, wala hakujua chumba changu. Vijana, nawaambieni kweli, nilizifikiria. Nilihesabu kona ngapi ziko hadi kituo cha treni. Nilichofikiri si dhambi wala sheria. Niliona kwamba mama yule aliye mbele yangu atajua, na kwamba mimi nimekula yai lake.

Mlango ulifunguliwa saa mbili. Watumishi wa duka, wenye fulana za buluu, walipiga makofi na kushangilia kila aliyeingia, kama tunavyomshangilia mwanariadha anayemaliza mbio za masafa marefu. Hapo karibu na mlango ndipo alipokuja binti mmoja wa redio na kipaza sauti, akaniuliza nimetoka wapi na kwa nini nimekesha. Nikasema natoka Tanzania. Nikasema naipenda sana simu hii, nimeingoja mwaka mzima. Nilisema kwa tabasamu. Akafurahi, akaniuliza nitampigia nani wa kwanza. Nikajibu: mama yangu.

Paundi 70 naweza kuzieleza. Jibu lile siwezi. Hakuna aliyenilazimisha, na ningeweza kunyamaza kama mama yule alivyonyamaza.

Niliingia dukani karibu saa tano, nikapigiwa makofi yangu, nikanunua, nikapeleka mzigo Hanover Square ambako bwana yule alikuwa na sanduku kubwa la safari. Alizipanga simu humo kama vipande vya sabuni. Akapokea chenji yake ya paundi 22, akazihesabu mara mbili, akanilipa. Nililala hadi jioni.

Nirudi sasa kwenye hisabati, maana namwona pale mwalimu wetu, na aliniambia wakati wa chai nisisahau kuwapa vijana kitu cha kuandika. Elimu ya foleni ilizaliwa na simu. Mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za kukadiria jinsi simu zinavyoingia kwa bahati nasibu, ili ijulikane nyaya ngapi na wapokea simu wangapi watatosha watu wasingoje kupita kiasi. Baadaye, mwaka 1961, Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi ambayo hata wa kidato cha kwanza anaweza kuibeba: idadi ya watu walio katika mstari ni sawa na idadi wanaofika kwa saa, mara saa anazongoja kila mmoja. London waliingizwa kama watu 140 kwa saa. Mimi nilikuwa wa 412. Gawanyeni, mtaona kwa nini niliingia karibu saa tano. Na hapa bwaloni, enzi zetu, tulikuwa wanafunzi 400 na mwiko mmoja wa uji uliowahudumia kumi kwa dakika. Wa mwisho alingoja dakika 40, na viranja walipochomekea alingoja zaidi, ijapokuwa hesabu ya viranja Little hakuiandika.

Kanuni hii niliipeleka ofisini kwangu niliporudi mwaka 2015, na hapa sitasema ni ofisi ipi. Wananchi walikuwa wakifika kama 15 kwa saa, na kila nilipochungulia barazani walikuwa wameketi kiasi cha 60. Sitini gawanya kwa kumi na tano: saa nne. Nilikuwa nimezoea kusema wananchi hawana subira. Nikafuatilia karatasi moja tangu dirishani hadi inaporudi, nikitaka kujua inalala wapi saa nne hizo. Ilikuwa inalala mezani kwangu. Muhuri ulikuwa katika droo yangu, ufunguo mfukoni mwangu, nami nikiwa mkutanini. Nilimkabidhi karani mwandamizi muhuri pamoja na daftari la kuandika kila unapotumika. Baada ya mwezi barazani hawakuzidi 15 kwa wakati mmoja. Hakuna aliyenishukuru, na sioni kwa nini angenishukuru. Miaka mingi wazee walikaa pale wakimngoja mtu aliyekwenda kunywa chai ya mkutano.

Foleni za simu zenyewe zimepungua nguvu. Mwezi Aprili 2015 Angela Ahrendts, aliyesimamia maduka ya Apple wakati huo, aliwaandikia watumishi wake kwamba siku za watu kukesha nje zimepita, na saa mpya ya mkononi ikauzwa kwa maagizo ya intaneti. Hata hivyo Mumbai duka lilifunguliwa Aprili 2023, na Septemba yake mstari ulikuwepo tangu usiku, watu wakiwa wametoka miji ya mbali. Kwetu Kariakoo mambo ni kinyume. Simu ndizo zinazopanga mstari kwenye rafu zikimngoja mnunuzi. Foleni ya simu tuliyoiona sisi ilikuwa ya kusajili laini kwa alama za vidole, kabla ya mwisho wake tarehe 20 Januari, 2020, na pale hakuna aliyepigiwa makofi.

Nimalizie kwa Mama. Niliporudi nilimsimulia yote, yeye kwanza kuliko mtu mwingine. Alikuwa ameketi ukumbini akichambua mchele. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwani hizo simu zilikuwa zimeadimika?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Baada ya muda zilijaa kila duka."

Akachambua mchele kidogo. "Na huyo mama wa Kichina, alipata?"

"Alipata."

"Na mwenye jiwe alikuja kabla mlango haujafunguliwa?"

Nikamwambia alikuja, saa moja kabla, na bahasha mkononi.

"Basi hukupigwa teke," akasema, akaniomba nimsogezee ungo.

Naona dirisha la jikoni limefunguliwa, na viranja wamekwisha kusimama.